Mama Akitusahau, Tumtafutie Nini?

Baada ya Misa ya Jumapili moja walitujia ndugu watatu wa mtaa wetu, wote watoto wa mama mmoja. Mama yao wengi wetu twamfahamu. Kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa Umoja wa Akina Mama, na hapakuwa na arusi wala msiba mtaani bila yeye kushika mwiko. Huu ni mwaka wa nne tangu aanze kusahau. Kwanza alisahau mahali alipoweka ufunguo, kisha njia ya kurudi kutoka kisimani, na sasa humwita mwanawe mkubwa kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Daktari amesema ni ugonjwa wa Alzheimer.

Yule mdogo wao, afanyaye kazi mjini, amesikia habari za kliniki moja ng'ambo inayotangaza kwamba huyatibu maradhi hayo kwa kumdunga mgonjwa seli shina. Gharama ni kubwa, na njia ya kuipata ni moja tu: kuliuza shamba la mikorosho waliloachiwa na baba yao. Wakauliza, "Padre, je, jambo hili ni halali? Na kama ni halali, je, ni wajibu wetu?"

Hayo ni maswali mawili, wala jibu la moja si jibu la lingine. Tumeona ni vema tuyatafakari hapa, maana mlango wa nyumba ile si wa pekee. Ulimwenguni kote watu zaidi ya milioni 55 wana maradhi ya kupotewa na akili uzeeni, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, daktari Mjerumani aitwaye Alois Alzheimer alimpokea mama mmoja, Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51, ambaye alikuwa amepotewa na kumbukumbu kiasi cha kushindwa kuliandika jina lake. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake akakuta umesinyaa, na ndani yake mna mabaki magumu na nyuzi zilizosokotana. Ndivyo tulivyojua kwamba kusahau kwa namna hii ni ugonjwa wa mwili kama ugonjwa wa moyo au wa figo. Si laana, wala si uchawi. Wako bibi waliosingiziwa uchawi katika vijiji vyetu kwa sababu tu walipotea njia usiku au waliongea peke yao. Dhambi hiyo ni yetu, na yatupasa kuitubia.

Na seli shina ni nini? Mwili wa mtu umejengwa kwa seli nyingi mno, kila moja na kazi yake: ya ngozi, ya damu, ya mishipa ya fahamu. Seli shina ni ile ambayo bado haijachagua kazi, nayo yaweza kuzaa seli za aina mbalimbali. Zile za uboho wa mifupa zimetumika kwa miongo mingi kuwatibu wenye saratani ya damu, na tiba hiyo ni ya kweli kabisa. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake huko Wisconsin, Marekani, waliweza kukuza seli shina zilizotoka katika viinitete vya binadamu vyenye umri wa siku chache tu, vilivyobaki katika kliniki za kusaidia uzazi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa kuwa kuzipata seli hizo ni kukiharibu kiinitete.

Katika jambo hili Wakristo hawakuwa na sauti moja. Kanisa la Roma lilikataa, likisema kwamba uhai wa mtu ni wa kuheshimiwa tangu kutungwa kwake. Huko Uingereza, kamati ya Bunge la Malodi iliyoongozwa na Askofu wetu Mwanglikana, Richard Harries wa Oxford, ilitoa taarifa yake mwaka 2002, ikakubali utafiti huo uendelee chini ya masharti makali. Mmojawapo wa mipaka ya sheria ya huko ni kwamba kiinitete kisitunzwe katika maabara kupita siku 14. Wote hao walikuwa watu wenye dhamiri safi. Kisha mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya aliyekwisha kukua yaweza kurudishwa katika hali ya ushina, na mwaka 2007 ikafanyika hivyo kwa seli za mwanadamu. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2012. Tangu hapo imewezekana kuzipata seli za namna hiyo pasipo kiinitete.

Basi kwa swali la kwanza tuliwaambia ndugu zetu hivi: ulizeni seli hizo zinatoka wapi. Kama zinatoka katika mafuta au uboho wa mtu mzima aliyeridhia, hatuoni kizuizi cha imani. Kama zinatoka katika viinitete, kila mmoja aipime dhamiri yake kwa sala, wala asimhukumu mwenzake.

Lakini swali la pili ni zito zaidi, nalo halijibiki bila kusema ukweli. Hadi leo hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kwamba humponya mwenye Alzheimer. Majaribio yapo, mengi yakiwa madogo, na watafiti wengi hawatazamii tena kupanda ubongo mpya. Wanatazamia kwamba seli hizo zitapunguza uvimbe na kuzilisha zile zilizosalia. Dawa mpya zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024, ambazo si seli shina, huyaondoa baadhi ya mabaki yale ya ubongoni na kuchelewesha ugonjwa kwa kiasi. Haziurudishi nyuma.

Tena tufikiri kidogo. Kumbukumbu haikai ubongoni kama maji mtungini, hata ukimimina mengine mtungi ujae. Imefanana zaidi na vijia vya kijijini: vimekuwapo kwa sababu miguu ilipita hapo kila siku, mwaka baada ya mwaka. Mvua kubwa ikibomoa kilima chote, waweza kuleta udongo mpya na mzuri, lakini udongo huo haujui njia ya kwenda kisimani. Vivyo hivyo, hata siku itakapowezekana kupanda seli mpya ndani ya kichwa cha mama huyu, seli hizo hazitajua siku ya arusi yake wala jina la mwanawe. Huenda zikampa nguvu ya kujifunza upya, na hilo si dogo. Ila kile ambacho watoto wanakitamani hasa, yaani mama yule wa zamani arudi, hakuna sindano iwezayo kukiahidi.

Mwaka 2004, Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipofariki baada ya kuugua Alzheimer kwa miaka mingi, watu wengi huko walidai utafiti wa seli shina uharakishwe kwa ajili ya wagonjwa kama yeye. Wataalamu walijua kwamba Alzheimer ni miongoni mwa maradhi yaliyo magumu zaidi kutibika kwa njia hiyo, kwa kuwa huharibu ubongo mahali pengi kwa pamoja. Wachache walisema hivyo waziwazi. Kunyamaza mbele ya mtu anayetumaini ni kosa jepesi kufanyika, kwa maana linafanana na huruma. Lakini baada ya wanyamavu huja wachuuzi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walitoa habari za akina mama watatu waliopofuka baada ya kulipa fedha ili wadungwe machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao.

Yule ndugu mdogo alitujibu kwa uchungu: "Hata kama nafasi ni moja katika mia, nikimzika mama bila kujaribu, nitajitazamaje?" Neno hilo si la kudharauliwa, maana mfa maji haachi kutapatapa. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haina kikomo cha umri. Hata hivyo tulimwomba azingatie mambo matatu. La kwanza, kwa kawaida utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa bei ya kujaribiwa. Anayedai thamani ya shamba zima kwa kitu kisichothibitishwa, yampasa yeye atoe ushahidi kwanza. La pili, mama hawezi tena kusema ndiyo wala hapana. Mwili utakaodungwa ni wake, na hofu ya safari na ya nyuso ngeni itakuwa yake. Ni lazima tujiulize kama twatafuta kumtuliza yeye au kuituliza mioyo yetu. La tatu, shamba likiisha kuuzwa, ni nani atakayemlipa msaidizi wa kumwogesha na kumlisha kwa miaka itakayofuata?

Twaongeza neno kwa wasomaji wote. Mzee akianza kusahau, apelekwe kwa daktari mapema, kwa sababu kusahau kwingine hutokana na upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni kuu au dawa anazotumia, na baadhi ya hayo hutibika.

Ndugu wale wakubwa wawili wamekubaliana shamba lisiuzwe, nao wamepanga zamu za kulala kwa mama. Yule mdogo bado hajaridhika, nasi hatumlaumu. Huenda wajukuu zake wakaipata tiba ambayo yeye ameikosa, na tuwaombee watafiti waaminifu wanaoitafuta. Mama mwenyewe huletwa kanisani kila Jumapili. Hamjui aliyeketi karibu naye, bali wimbo ukianza huimba beti zote bila kitabu. Twaamini kwamba Mungu hamsahau hata yeye aliyejisahau. Nasi tulio hai na wenye fahamu tumepewa kazi ya kumkumbuka kwa niaba yake: kumwita kwa jina lake, na kuwasimulia wajukuu alikuwa mtu wa namna gani, naye akiwapo hapo hapo akisikiliza.