Deni Halifi kwa Kubadili Jina

Twapenda kuwakumbusha ndugu zetu, khasa wafanyao biashara, jambo ambalo wengi hudhani ni la mawakili peke yao.

Tuchukue mfano. Fundi seremala wa Kabiria, magharibi ya Nairobi, aitengenezea kampuni meza na viti kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Kabla ya siku kufika, kampuni yabadili umbo lake na kuandikishwa katika nchi nyingine, naye aambiwa kuwa aliyekuwa akimdai hayuko tena. Je, haki yake imepotea?

Twasema: hasha! Ikiwa kampuni ni ile ile, deni ni lile lile. Na ikiwa ni nyingine, basi wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamekwisha kubainisha katika mlango wa hawala kwamba deni halitoki katika dhima ya mmoja kwenda kwa mwingine mpaka aridhie mwenye kudai. Kwani si kila mtu ni mlipaji mwema. Na Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti aliyeacha deni la dinari 3, mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Ikiwa mauti hayakulifuta deni, jina jipya litalifutaje?

Watunga sheria nao wameliona hilo. Umoja wa Ulaya, katika amri yake ya mwaka 2019, umempa mdai mwenye khofu ya haki yake miezi 3, tangu kutangazwa mpango wa kuhama, ya kutaka dhamana. Na baada ya kuhama ana miaka 2 ya kuishitaki kampuni katika nchi iliyoihama. Huku kwetu, Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limewafungulia wafanya biashara milango ya jirani tangu Julai 2010. Ni neema, lakini isiwe njia ya kuzikimbia haki za watu.

Basi wewe unayedai, andika deni na uweke mashahidi, kama tufundishwavyo katika Suratul Baqara, aya ya 282. Na usikiapo kampuni yahama, peleka dai lako upesi kwa maandishi. Nawe unayedaiwa, kabla ya kuhama waite wanaokudai, uwalipe au uwape rehani mpaka waridhike. Mahakama ya duniani waweza kuivukia mpaka. Siku ya Hesabu hapana mpaka wa kuvuka.

Wa billahi tawfiq.