Mgeni na Jina la Baba Yake

Katika ghuba ya San Francisco, nchini Marekani, kipo kisiwa kiitwacho Angel Island, yaani Kisiwa cha Malaika. Jina ni zuri kuliko kazi iliyofanyika pale. Tangu mwaka 1910 hata 1940 serikali iliwazuia humo wageni waliofika kwa meli, hasa Wachina, kwa kuwa sheria ya mwaka 1882 iliwakataza vibarua wa Kichina kuingia nchini. Haikufutwa mpaka mwaka 1943. Leo nyumba waliyolala ni makumbusho, nasi tuliozuru tulisimama kati ya vitanda vyao vya chuma. Wanaume walikaa huku, wanawake kule. Mume na mkewe hawakuruhusiwa kuonana mpaka shauri lao likatwe. Wengine walingoja majuma, wengine miezi mingi.

Ukutani walichonga mashairi, mengi bila jina la mtungaji. Wakubwa wa kituo waliyafunika kwa rangi, na rangi hiyo ikasaidia kuyahifadhi, hata mwaka 1970 mlinzi wa hifadhi, Alexander Weiss, alipoyatambua na nyumba ikaokoka kubomolewa.

Lakini tunalotaka kuwaambia ninyi, akina baba na akina mama, ni habari ya maswali. Mgeni aliulizwa: Nyumba yenu ina ngazi ngapi? Kisima kiko wapi? Jirani yenu ana watoto wangapi? Kisha baba yake aliyetangulia aliulizwa yale yale, na majibu yakipishana sana, mwana hurudishwa kwao. Jaribuni jioni ya leo, baba na mwana, kila mmoja chumba chake, mwone kama mtapatana.

Maswali hayo yalikuwa na sababu. Moto wa mwaka 1906 uliteketeza vitabu vya vizazi vya San Francisco, na Wachina wengi wakadai kuwa wamezaliwa mjini humo, hivyo ni raia, na wana wao pia. Wengine waliandikisha wana wasiokuwapo, wakauza nafasi hizo. Hivyo wakapatikana wana wa karatasi, waliokariri ukoo wa watu wengine kama sisi tunavyokariri katekisimu.

Je, walitenda dhambi? Uongo ni uongo, wala hatuwezi kuuita jina jingine. Bali sheria iliyompima mtu kwa taifa lake ilikuwa uovu mkubwa zaidi, na waliyoitunga hawawezi kunawa mikono kwa uongo ulioizaa. Bwana wetu naye ametuambia mapema maswali atakayotuuliza siku ya mwisho. Mojawapo ni la mgeni, kama tulimkaribisha. La kisima halimo. Na tumtaje Katharine Maurer, shemasi wa kike wa Kimethodisti, ambaye tangu mwaka 1912 aliwahudumia wafungwa wale kwa nguo na mafundisho. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini swali hilo alilijua.

Mwaka 1956 serikali ilifungua njia ya kuungama: aliyetoa jina lake la kweli aliweza kupata ruhusa ya kukaa. Hapo sisi Wakatoliki tunasita, maana neno hilo tunalijua. Katika Sakramenti ya Kitubio mtu huungama dhambi zake mwenyewe, wala padre hamdai jina la mwenzake. Huku, aliyejitaja aliwafichua pia baba yake wa karatasi, na ndugu zake wa karatasi, na wake zao na watoto wao, hata ukoo mzima ukaingia hatarini kwa kinywa cha mmoja. Wengi waliona afadhali kunyamaza. Wakazeeka katika jina la kununua, wakawapa watoto wao jina hilo, na wengine hawakuwaambia sababu. Katika makaburi ya Wachina huko yako mawe yenye majina mawili: kwa herufi za Kilatini jina la karatasi, na kwa herufi za Kichina jina la baba aliyemzaa.