Jiuzulu Usimamizi wa Koo Lako

Umemeza mate, ukajiona umemeza. Ukameza tena kuhakikisha koo bado linafanya kazi, safari hii likabana kidogo. Hofu ikapanda, ukameza mara ya tatu, mate hakuna. Asiyejua atacheka. Wewe unayeamka na hili na kulala nalo hucheki. Kwa mwenzako ni pumzi, kwa mwingine ni kupepesa macho au namna ulimi unavyolala mdomoni. Hii ni sura mojawapo ya OCD, ugonjwa wa mawazo na vitendo vinavyojirudia bila kutakwa, na ina dawa yake.

Koo lako halijaharibika, ndugu yangu. Umelimezesha mfululizo mpaka limekauka. Koo kavu humeza kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo unayoifanya ushahidi wa ugonjwa. Pumzi nayo husukumwa na shina la ubongo tangu siku uliyozaliwa, hata ukiwa usingizini. Halikuomba msimamizi. Ni wewe uliyejiajiri, kazi isiyo na mshahara wala likizo, na mabega yamepanda hadi masikioni kwa zamu hiyo.

Jiuzulu leo! Lakini usijilazimishe kusahau. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe; dubu akazidi kuwajia. Ukijikataza kuihisi pumzi, utaihisi maradufu. Iambie, "Kaa, hata siku nzima," kisha fungua duka, panda daladala, ingia darasani, koo likiwa limebana hivyo hivyo. Usimeze kwa kujipima. Usimuulize mama kwa mara ya kumi kama unapumua sawasawa. Wasiwasi utapanda. Uache upande! Kukabili hofu bila kuitii ndiyo njia aliyoitumia mwanasaikolojia Victor Meyer kwa wagonjwa wake London miaka ya 1960, na hadi leo ni miongoni mwa tiba zinazotegemewa zaidi kwa OCD.

Na misuli? Kaza ngumi, hesabu hadi tano, achia. Fanya hivyo kwa mabega, kisha taya. Daktari Edmund Jacobson aliyaandikia kitabu mazoezi ya kulegeza misuli mwaka 1929. Ni mazuri, ila usiyafanye hirizi ya kufukuzia hisia (wengi hunaswa hapa). Yafanye jioni, yakiisha yaishe. Ukianza kukagua kama bega limelegea, umesharudi zamu.

Chakula kikikwama kweli, au ukikonda bila sababu, kapimwe, kisha ukubali jibu la daktari. Majibu yakiwa safi na mateso yakabaki, tafuta daktari wa akili hospitalini: Muhimbili wapo, Mirembe ya Dodoma wapo, Mathari ya Nairobi wapo. Akikupa vidonge, vipe wiki kadhaa, usivihukumu siku ya tatu. Mweleze yote, hata lile unaloliona la kipuuzi. Nenda wiki hii.