Subira ya Mgeni ni Mali ya Nani?

Kwa muda mrefu katika muongo uliopita, wageni wa hoteli ya Claridge's, eneo la Mayfair jijini London, walilala juu ya machimbo. Mwenye mali alitaka ghorofa tano mpya chini ya ardhi: pa kuweka mitambo, pa kuhifadhi mvinyo, pa kuogelea. Hakutaka kufunga hoteli hata siku moja. Wahandisi kadhaa walimwambia haiwezekani. Kampuni ya McGee, ikisaidiwa na wahandisi wa Arup, ikaona njia. Jengo lilikuwa limekaa juu ya bamba nene la zege. Ukilitoboa bamba hilo kwa tundu dogo, ukachimba visima vyembamba kwenda chini na kusimika nguzo ndani yake, jengo zima linahamia juu ya nguzo hizo. Baada ya hapo unaweza kuondoa udongo uliobaki, ghorofa baada ya ghorofa. Kazi ilifanywa na wachimbaji waliozoea mahandaki, kwa mikono na vifaa vidogo, ili kelele zisipande. Juu yao chai ya alasiri iliendelea kumiminwa. Wageni wengi walilala, wakaamka, wakalipa, wakaondoka bila kujua lolote.

Wahandisi husimulia kisa hicho kwa fahari, na wana haki. Kwa anayetafakari haki za mgeni, hata hivyo, kinaacha mwiba. Mtu aliyelala juu ya shimo bila kujua, na usingizi wake usikatike, je, amedhulumiwa chochote?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kutazama hoteli za kawaida, zile zisizo na fedha za kuchimba kwa kunong'ona. Msafiri ameweka nafasi kwa simu katika hoteli ya katikati ya jiji, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa. Picha zinaonyesha ukumbi unaong'aa. Anafika usiku na kukuta mbele ya jengo kumefungwa turubai, mapokezi yamehamishiwa kwenye chumba cha mikutano, na lifti moja kati ya mbili inabeba mifuko ya saruji. Saa mbili asubuhi drili inaanza kuuma ukuta wa ghorofa ya juu, kisha grenda ya kukatia marumaru inaitikia. Vumbi jeupe linapita chini ya mlango. Akishuka kulalamika, anakuta karatasi imebandikwa kando ya lifti: uongozi unaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Karatasi hiyo haikuwepo kwenye picha. Imemsubiri mpaka alipokwisha kulipa.

Anachoambiwa hapo, kwa lugha ya adabu, ni kwamba avumilie. Na kwa watu waliolelewa kuamini kwamba subira ni sehemu ya imani, ombi hilo lina uzito. Nani anataka kuonekana mgeni mkorofi, wa kupiga kelele kwa binti wa mapokezi ambaye hata yeye macho yake yamekuwa mekundu kwa vumbi? Hapo ndipo pa kuuliza: hiyo subira inayotumika ni mali ya nani? Ni ya mgeni, aitoe akipenda, au ni akiba ya hoteli, ichotwe kila ratiba ya fundi inapochelewa?

Wanasheria wa Roma walilishughulikia jambo hili mapema kuliko mtu anavyodhani. Alfenus Varus, aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliulizwa kuhusu wapangaji wanaobughudhiwa na matengenezo, na maoni yake yakahifadhiwa katika mkusanyo wa sheria uliotolewa na Kaisari Justiniani mwaka 533. Alisema mpangaji asikimbilie kukata kodi kwa sababu tu sehemu fulani ya makazi yake imepungua raha kidogo. Anayekaa katika nyumba ya mtu, kwa kukaa kwake, amekubali kwamba siku moja mwenye nyumba anaweza kulazimika kubomoa kitu, na kijisehemu cha adha hiyo ni chake kukibeba. Lakini, Alfenus akaongeza, sivyo ilivyo ikiwa mwenye nyumba amefumua ile sehemu ambayo mpangaji anaitumia zaidi.

Pale ndipo penye hekima yake. Hakupima adha kwa ukubwa wa shimo. Alitazama mahali shimo lilipo katika maisha ya mtu. Bwawa la kuogelea lililofungwa ni hasara kwa aliyekuja na watoto wakati wa likizo. Kwa mfanyabiashara aliyekuja kulala usiku mmoja na kuwahi kikao, halimhusu. Ukuta unaotobolewa nyuma ya kichwa chake unamhusu. Mgeni wa hoteli hutumia nini zaidi? Kitanda, giza, kimya. Ukivigusa hivyo, umekwisha vuka kile kijisehemu.

Mafaqihi wa Kiislamu walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katika madrasa za Lamu na Unguja, anayesoma kitabu cha fiqhi cha Minhaj cha Imam Nawawi hufika kwenye mlango wa ijara, yaani ukodishaji, na kujifunza kwamba anayekodisha hauzi kitu chenyewe, anauza manfaa yake kwa muda. Nyumba inabaki ya mwenyewe. Kinachohama ni matumizi. Kwa hiyo kasoro inayopunguza manfaa humpa mpangaji hiari ya kuvunja mkataba, hata kama kuta zote zimesimama. Kwa mtazamo huo chumba cha hoteli ni mfano safi kupita nyumba yoyote. Mgeni haondoki na taulo wala ufunguo. Amenunua usiku, na usiku ukishapita bila usingizi hakuna namna ya kumrudishia bidhaa. Kilichobaki ni fedha.

Wajerumani, kwa tabia yao, waliamua kuzihesabu hizo fedha. Mwaka 1985 mahakama ya mjini Frankfurt iliyosikiliza kesi nyingi za watalii ilichapisha jedwali la kupunguza bei ya safari kwa kila kasoro. Kelele za mchana: asilimia 5 hadi 25. Kelele za usiku: 10 hadi 40. Jedwali halikuwa sheria, lakini mahakimu na mawakala wa utalii wa nchi hiyo walilitumia kwa miaka mingi kama mwongozo. Unaweza kucheka ukiona usingizi wa binadamu umewekwa kwenye safu ya asilimia. Lakini jedwali lile lilikiri jambo ambalo karatasi ya kando ya lifti hulikwepa: radhi isiyogharimu kitu humwachia aliyekosewa alipe gharama yote.

Hata hivyo, fedha haimalizi shauri, kwa sababu wageni wengi wa hoteli zinazokarabatiwa hawakasirishwi hasa na kelele. Wanakasirishwa na kutoambiwa. Ipo hadithi mashuhuri katika mkusanyo wa Imam Muslim. Mtume alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye bidhaa akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka ule unyevu juu, watu wauone, kisha akatamka maneno makali juu ya wanaoghushi. Aghalabu hadithi hiyo husomwa kama onyo kwa walaghai. Ina jambo jingine ndani yake. Mfanyabiashara yule hakuinyeshea nafaka yake. Mvua ilikuwa mvua kweli, na hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa mpangilio wa rundo. Vivyo hivyo hakuna mwenye akili atakayeilaumu hoteli kwa kubadilisha mabomba yaliyooza. Vumbi la ukarabati ni kama ile mvua. Kosa huanzia pale picha za zamani zinapowekwa juu na vumbi likafichwa chini.

Mtu wa hoteli atajibu kwamba kuficha ni sehemu ya kazi yake. Mgeni haonyeshwi masufuria ya jikoni wala shuka chafu. Na jibu hili lina msingi wa dini, si wa biashara peke yake. Kurani inasimulia jinsi Ibrahimu alivyofikiwa na wageni asiowajua, akaondoka kimyakimya kwenda kwa ahali yake na kurudi na ndama aliyenona. Wafasiri walisimama kwenye lile neno la kuondoka kimyakimya. Ibn Kathir na wenzake waliona ndani yake adabu ya mwenyeji: usimtangazie mgeni kwamba unakwenda kuchinja, maana atakuzuia, au atakula huku ameona haya. Mwenyeji bora huficha taabu yake.

Basi kuna kuficha kwa namna mbili, na shauri zima linasimama kwenye tofauti hiyo. Ibrahimu alificha mzigo aliojitwisha mwenyewe kwa ajili ya mgeni. Hoteli yenye picha za zamani huficha mzigo itakaomtwisha mgeni. Kwa nje vitendo hivyo viwili vinafanana: vyote ni ukimya. Lakini katika cha kwanza mgeni akija kujua ukweli hushukuru, na katika cha pili huenda mapokezi.

Kwa kipimo hicho Claridge's inapita, karibu. Adha yote waliibeba wachimbaji, waliofanya kazi taratibu mno ndani ya mashimo membamba ili tajiri mmoja juu asisikie. Neno "karibu" linahitaji maelezo. Kelele ni mzigo mmoja; hatari ni mzigo mwingine, nao hausikiki. Jengo lililohamishwa kutoka msingi mmoja hadi mwingine huku watu wamelala ndani yake ni jengo ambalo hesabu zake zimefanywa kwa niaba ya watu wasioulizwa. Hesabu zilikuwa sahihi, jengo likasimama imara. Lakini usahihi wa hesabu haugeuki kuwa ridhaa ya aliyelala. Mgeni yule hakudhulumiwa usingizi wala fedha. Alinyimwa nafasi ya kusema ndiyo, na wengi huenda wangesema ndiyo, kwa udadisi tu.

Makka imelikuta swali hili kwa ukubwa usio na mfano, kwani mahujaji huitwa wageni wa Mwingi wa Rehema na mji ule haujaacha kujengwa kwa miongo mingi. Mwaka 2013, eneo la kuzungukia Kaaba lilipokuwa likipanuliwa, serikali ya Saudi Arabia ilipunguza idadi ya mahujaji kutoka nje kwa asilimia 20 na wa ndani kwa nusu, ikajenga daraja la muda la mviringo kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu. Wapo waliosubiri miaka na kukosa nafasi kwa sababu hiyo, na uchungu wao haukuwa mdogo. Lakini waliambiwa kabla ya kufunga mizigo. Aliyekwenda alijua anakwenda penye winchi na mabati, na subira yake ilikuwa ibada kwa sababu aliitoa mwenyewe. Tarehe 11 Septemba 2015 winchi mojawapo iliangukia Msikiti Mtakatifu wakati wa dhoruba, wakafa watu zaidi ya 100. Hao walikuwa wameridhia msongamano na vumbi. Hakuna aliyekuwa ameridhia winchi, na hakuna mahubiri ya subira yanayoweza kuibadili hali hiyo.

Njia iliyo wazi kabisa ni kufunga. Savoy ya London ilifunga Desemba 2007, ikapiga mnada samani zake, ikafungua tena Oktoba 2010, muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Waldorf Astoria ya New York ilifunga 2017 na haikupokea mgeni tena mpaka 2025. Kufunga ni ukweli mtupu kwa mgeni, ila wapishi na wahudumu ndio hulipia ukweli huo kwa ajira zao. Hoteli ya vyumba 60 mjini Arusha inayoendelea kupokea watu huku ikikarabati ghorofa moja moja si lazima iwe na tamaa. Pengine ndiyo njia pekee ya kulipa mishahara. Inachodaiwa ni kidogo: itaje kabla ya malipo ghorofa inayofumuliwa, saa ambazo drili italia, na bei iliyopunguzwa kwa sababu hiyo. Anayesafiri kwa bajeti ndogo atalichukua punguzo hilo kwa mikono miwili na kuziba masikio kwa pamba.

Kinachobaki bila jibu ni kisa cha hoteli ya Chelsea, mtaa wa 23 jijini New York. Jengo hilo la mwaka 1884 lilikuwa na wapangaji wa kudumu, wasanii wengi wao, waliochanganyika na wageni wa kupita. Mwaka 2011 liliuzwa, upokeaji wa wageni ukasimamishwa, mafundi wakaingia. Wapangaji hawakutoka, sheria ya kodi za nyumba iliwalinda. Kazi ilivuka miaka kumi, wazee wakipita kwenye korido zilizobomolewa, chini ya nyaya zinazoning'inia, kama filamu ya Dreaming Walls ya mwaka 2022 inavyoonyesha. Waligawanyika: wengine walipinga ujenzi kwa kila hoja, wengine waliwanung'unikia majirani hao kwa kuuchelewesha. Hakuna aliyewaficha kitu, waliona kila tofali likianguka. Wala hakuna aliyeweza kuwaambia waende hoteli nyingine, maana hapo ndipo kwao. Hoteli ilifunguliwa tena mwaka 2022, na baadhi yao bado wanaishi humo, mlango kwa mlango na watalii wanaolipa mamia ya dola kwa usiku. Anayekutana nao kwenye lifti hawezi kusema kwa hakika ni nani kati yao anayempisha mwenzake kama mgeni.