Nani Anaadhini Ndani ya Gemu?

Mwezi Oktoba 2008, siku chache kabla ya gemu la LittleBigPlanet kuanza kuuzwa, kampuni ya Sony iliagiza diski zote zilizokwisha kusambazwa zirudishwe. Gemu lenyewe halikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa wimbo mmojawapo ndani yake, "Tapha Niang" wa Toumani Diabaté, bingwa wa kora kutoka Mali. Katikati ya wimbo huo yanasikika maneno mawili ya Qurani, moja la sura ya Aali Imran, jingine la sura ya Ar-Rahman, yote mawili kuhusu kifo. Mchezaji mmoja Mwislamu alikuwa ameyatambua na kuomba yaondolewe, kwa sababu waumini wengi huumia wanaposikia Qurani imechanganywa na ala za muziki. Diski zikatengenezwa upya, wimbo ukabaki na ala tupu. Diabaté naye alikuwa Mwislamu, tena wa ukoo wa wasifaji wa karne nyingi, na yeye alieleza kwamba kwao Mali kumtukuza Mungu kwa nyimbo ni jambo la kawaida kabisa.

Waislamu wawili, maneno yale yale, hukumu mbili. Na gemu lenyewe ndilo lililojipatia sifa kwa kumpa mchezaji wa kawaida zana za kujijengea levo zake: atengeneze mlima, aweke mlango, achague mlio utakaosikika mlango ukifunguka. Anayepewa uwezo huo anarithi pia swali lililowakwamisha Sony. Sauti ikishatolewa mahali pake na kugeuzwa faili, bado ni ya nani, na inasema na nani?

Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, swali hilo lina uzito wa pekee. Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, tangu katikati ya miaka ya 1870. Wabelgiji waliiteka mwaka 1893, na Kabambare ikafuata mwaka uliofuata. Utawala wa watu wa pwani ukaisha, lakini Kiswahili kikabaki, mpunga ukabaki, Uislamu ukabaki. Adhana husikika Kasongo hadi leo, na kengele za kanisa pia, maana mji huo ni makao ya jimbo Katoliki lililoundwa mwaka 1959. Tuseme basi kijana wa huko, mwenye kompyuta na jenereta ya kuazima, anaamua kujenga levo ya Kasongo ya kale. Kuta atazipata kwa urahisi. Je, sauti?

Ufundi wenyewe si mgumu kama wengi wanavyodhani. Tangu Doom ilipotoka mwaka 1993, wapenzi wa magemu wamekuwa wakitoa milio ya kiwandani na kuweka yao. Katika Minecraft, anayetaka kubadili mlio huandaa faili la Ogg, akaliweka kwenye kabrasha lake na kuliorodhesha katika faili dogo la maandishi. Kazi inayodai sikio ni ile inayotangulia. Chukua kinu cha mpunga: wanawake wawili, michi miwili, mmoja ukishuka mwingine unapanda. Simu ikiwekwa karibu mno sauti inapasuka, ikiwekwa mbali inameza kuku na watoto wa jirani. Ukishapata mapigo kumi na mawili safi, unachagua manne au matano, unakata kila moja peke yake, kisha unaiachia programu iyachanganye na kupandisha au kushusha sauti kidogo kila mara. Usipofanya hivyo, baada ya dakika moja sikio la mchezaji linagundua kwamba ni pigo moja linalorudiwa, na kinu kinakuwa mashine. Faili liwe la mkondo mmoja, maana la mikondo miwili ndani ya Minecraft husikika sawasawa popote ulipo, hata ukienda mbali na kinu.

Wanafalsafa walianza kugombana juu ya ufundi huu wa kuiga sauti zamani sana. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, Plato anamlaumu mwigizaji asiyechagua, anayeiga chochote: ngurumo, upepo, mvua ya mawe, ekseli na kapi, tarumbeta na filimbi, mbwa, kondoo, ndege. Ukiisoma orodha hiyo leo utadhani ni kabrasha la fundi wa milio. Hofu ya Plato ilikuwa kwamba anayeiga kila kitu hujipoteza mwenyewe. Hapo, kwa haki, alizidisha. Jack Foley na mafundi wa milio ya filamu waliomfuata huko Hollywood walionyesha kwamba kwato za farasi zaweza kutoka kwenye vifuu vya nazi, na mfupa unaovunjika kwenye bua la mboga, na hakuna aliyedhulumiwa. Msikilizaji anajua yuko kwenye hadithi. Kijana wa Kasongo akikosa tembo akaburuta gunia la mchanga, hajasema uongo.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasaidia zaidi. Katika sehemu ya kitabu chake Ihya inayohusu adabu za kusikiliza, anahoji kwamba kama sauti nzuri ya ndege si haramu, haiwezekani sauti nzuri iharamishwe kwa sababu tu imetoka kooni mwa mtu au kwenye mti uliotobolewa. Zilizokatazwa, anasema, zilikatazwa kwa kile kilichoshikamana nazo, kama ala zilizokuwa alama ya mabaraza ya walevi. Hoja hiyo ni kana kwamba iliandikwa kwa wajenzi wa levo. Mlio wowote unaowekwa kwenye gemu unashikamanishwa na kitu: mlango, adui, ushindi, kifo. Usiulize tu ni sauti gani. Uliza imefungwa na nini.

Ichukuliwe adhana. Kwenye levo, sauti hufungwa na alama isiyoonekana chini. Mchezaji akiikanyaga, faili linaanza. Akirudi nyuma, adhana inakatika katikati ya shahada. Akikanyaga tena inaanza upya, na huenda wakati huo anafyatua bunduki. Adhana ya kweli ina mtu, ina wakati, ina nia. Baraza la Fiqhi la Rabita, Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lilipokutana Makka mwaka 1986, liliamua kwamba kucheza adhana iliyorekodiwa hakutoshelezi wajibu wa kuadhini, kwa sababu hizo hizo. Atakayejibu kwamba redio na simu hutoa adhana zilizorekodiwa kila siku anasema kweli, lakini redio huitoa saa ya swala, kwa watu wanaoweza kusimama wakaswali. Adhana ya kwenye levo haimwiti mtu yeyote. Ni mwito uliogeuzwa pambo la ukuta.

Basi iondolewe? Hapo panatokea uongo mwingine: Kasongo isiyo na Uislamu, mji ambao haujapata kuwepo. Njia iliyo wazi ni kurekodi mwitikio na kuacha mwito. Maji ya udhu yanayomiminwa kutoka kwenye birika. Kandambili zinazovuliwa mlangoni, moja baada ya nyingine. Mkeka unaokung'utwa. Michi inayosimama na muuzaji anayefunika bidhaa zake kwa turubai. Mchezaji atajua kwamba adhana imepita, na mwadhini wa kweli atabaki na kazi yake. Vivyo hivyo kwa kengele ya misa, na kwa dhikri za tarika: anayezirekodi akiwa amealikwa, akaruhusiwa, ana haki ambayo aliyeficha simu mfukoni hana.

Kutojua nako ni hatari. Mwaka 1998 Nintendo walitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, na ndani ya Hekalu la Moto kulisikika uimbaji wenye maneno ya Kiislamu. Ulitoka kwenye mkusanyo wa milio unaouzwa tayari, na matoleo ya baadaye yakatengenezwa bila uimbaji huo. Miaka michache baadaye Microsoft waliliondoa sokoni gemu la Kakuto Chojin kwa kosa la namna hiyo hiyo. Kwa wanaonunua milio kwa mafungu, maneno ya ibada yanaweza kuonekana kama "hali ya kutisha" au "mandhari ya mashariki".

Ngoma nazo huuzwa namna hiyo, chini ya jina la bara zima. Ni dhuluma ile ile. John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyeishi kati ya Walokele kwenye mto Kongo, chini ya Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma ya mti inavyofuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha. Kwa kuwa maneno mengi yana mpando mmoja, mpigaji hurefusha: neno moja huwa sentensi nzima ya sifa, ili msikilizaji asikosee. Anayekata pigo la ngoma kama hiyo katikati na kulizungusha amekata kauli ya mtu.

Sauti ngumu kuliko zote ni bunduki. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, Tippu Tip anasema watu walimpa jina hilo kutokana na mlio wa bunduki zake. Wengine husema lilitokana na kupepesa macho. Vyovyote iwavyo, nchi hii inazijua bunduki kwa masikio. Kabambare ilisikia risasi za waasi wa Simba mwaka 1964, na kandokando ya Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, zimesikika pia miaka ya karibuni. Mlio ambao kwa mtoto wa London ni mchezo, kwa mtoto wa Salamabila ni usiku aliokimbia na mama yake porini.

Na kuna Nyangwe, kwenye mto Lualaba, kaskazini-magharibi mwa Kasongo. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyekuwa amekwama Kabambare miezi mingi kwa vidonda vya miguu, alikuwepo sokoni hapo tarehe 15 Julai 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa kujitengenezea. Wino ulififia mpaka wataalamu wakausoma kwa picha za mianga mbalimbali, na maandishi yakachapishwa mwaka 2011. Katika shajara zake soko la Nyangwe lina sauti: wanawake wanaobishana bei, majogoo wanaowika ingawa wamebebwa vichwa chini, nguruwe wanaolia. Siku ile watu wapatao 1500 walikuja. Alipokuwa anatoka akasikia bunduki mbili katikati ya umati, kisha nyingine nyingi, na watu wakajitupa mtoni. Waarabu wa kundi lililoshambulia wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Akiandika, alikuwa akisikia vilio kutoka ng'ambo ya mto.

Mjenzi wa levo hatapata ushahidi kamili kuliko huo. Kila mlio umetajwa, kwa mpangilio wake. Lakini gemu lina desturi ambayo shajara haina: mchezaji akishindwa, levo inaanza upya. Majogoo watawika tena, bunduki mbili zitalia tena, mwanamke yule yule atapiga ukelele ule ule, kutoka faili lile lile, mara ishirini kwa jioni moja. Baada ya mara ya tano mchezaji hausikii tena kama ukelele. Anausikia kama ishara kwamba amechelewa kufika mlangoni. Watu wa Nyangwe watakuwa wameuawa, kisha wamefanywa saa ya ukutani.

Hii haimaanishi Nyangwe isiguswe. Watoto wa Kasongo wanastahili kulijua soko la wazee wao, na soko lile linaweza kujengwa lote kwa sauti: samaki, chumvi, vyungu, kuku, ubishi. Milio miwili ya kwanza isikike mara moja tu, na programu ikumbuke kwamba imeshasikika. Jambo hilo huandikwa kwa mistari michache. Baada ya hapo vilio vya ng'ambo visizungushwe, wala pasiwe na pointi za kushinda.

Wanaoanza kazi hii, Kasongo au Kabambare, waanzie kwa wazee wanaojua kupiga ngoma za mti na kwa akina mama wenye vinu, kwa sababu hao ndio wenye sauti. Wamwulize imamu na padri kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Wamwombe kila mmoja ruhusa, wamwulize pigo hili linasema nini na linapigwa lini, na waandike jina la aliyekubali kutajwa mwishoni mwa gemu, pale pale panapoandikwa jina la fundi.