Sekunde Tatu za Filamu

Kwenye kamera ya sinema, filamu ya milimita 35 hupita nyuma ya lenzi fremu 24 kwa sekunde. Chukua kipande kinachotosha picha 36 za mnato ukitie humo: kitakwisha kwa sekunde tatu, mwigizaji hata hajamaliza kufungua mlango. Mpiga picha za mnato anaweza kukaa na kipande hicho hicho mwezi mzima, akitafuta mambo 36 yanayostahili. Kemikali ni zile zile, kiwanda ni kile kile cha Kodak mjini Rochester, Marekani. Kinachobadilika ni mzigo unaotwishwa kila fremu, na hapo ndipo mawazo yangu hunasa kila ninapoitia filamu ya sinema kwenye kamera yangu.

Fremu ya sinema haisemi peke yake. Ikitoka na ukungu, inayofuata huifunika. Mkono uliokatwa na ukingo wa picha utaonekana wote baada ya nusu sekunde. Maana imegawanywa kwa majirani. Fremu ya mnato haina jirani wa kumwegemea. Chris Marker alilionyesha hilo kwa kugeuza mambo katika filamu yake La Jetée ya mwaka 1962: alizipanga picha za mnato moja baada ya nyingine, zikapata wakati na hadithi, na ni pale tu mwanamke anapofumbua macho ndipo picha inapojongea. Anayepiga picha za mnato kwa filamu ya sinema anafuata njia hiyo akitokea upande wa pili.

Wala hajavamia shamba la wenyewe. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alibuni kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Fremu ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Yeye aliunganisha nafasi ya fremu mbili, akapata 24 kwa 36. Kamera hiyo ilipoingia sokoni mwaka 1925 kwa jina la Leica, kipimo hicho kilienea dunia nzima. Tangu hapo picha zetu zinakaa katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya mwendo.

Filamu ya leo inayotajwa sana ni Kodak Vision3 500T, iliyotengenezwa kwa taa za tungsteni zenye mwanga wa manjano, kelvini 3,200. Kwa miaka mingi mgongo wake ulipakwa masizi, kwa sababu maalumu: kumeza mwanga usirudi, kuzuia cheche za umeme tuli na kukinga michubuko filamu inapokimbia kwenye mashine. Ukitaka kuyaona masizi hayo, safisha mwenyewe nyumbani filamu iliyopakwa hivyo. Unamimina kwenye tangi maji ya uvuguvugu yenye magadi, unatikisa kwa nguvu, unamwaga. Yanatoka meusi tii, kama ngisi kamwaga wino wake. Unarudia hadi maji yatakate, na bado mwishoni, baada ya dawa zote, ukipitisha sifongo mgongoni mwa filamu unakuta mabaki.

Kampuni ya CineStill ya Los Angeles iliamua kuyaondoa masizi kabla ya kuuza filamu, ili isafishwe kwa dawa za kawaida za C-41. Filamu hiyo inaitwa 800T. Bila masizi, mwanga mkali hupenya tabaka zote za rangi, ukagonga nyuma na kurudi. Tabaka unalokutana nalo kwanza ukirudi ni la chini kabisa, lile linalopokea wekundu. Ndiyo maana taa za kituo cha mafuta usiku huvaa duara jekundu, na duara hilo ndilo wengi wanalolinunua wakiliita mwonekano wa sinema.

Lakini sinema haina duara hilo. Masizi yalipakwa makusudi lisitokee! Tunachokipenda kama alama ya sinema ni kile ambacho watu wa sinema walikizuia kwa juhudi zote. Nimelifikiria sana jambo hili, na siwezi kuliita uongo. Duara lile linasema kweli kuhusu safari ya filamu, kwamba imetoka kwao na imevuliwa nguo njiani. Linaweza kutupotosha tu kwa kutufanya tuache kutafuta urithi wenyewe.

Urithi huo, kwa maoni yangu, uko kwenye negativu iliyotulia. Filamu ya sinema ilibuniwa isimalize kazi: weusi wake haujakolea, rangi zake zimejizuia, kwa kuwa baadaye itanakiliwa kwenye filamu nyingine ya kuonyeshea na huko ndiko mambo yatakapoamuliwa. Ukiisafisha kwa dawa zake za ECN-2, utulivu huo unabaki. Kwenye C-41 vivuli na mwanga huachana zaidi. Mwenye kamera ya mnato hupokea picha iliyoachwa wazi, na hana mhariri wala mpanga rangi wa kumalizia. Watazamaji husema picha hizi zina kitu kinachokaribia kutokea. Sidhani kemikali pekee zinaweza kufanya hivyo. Tumekaa sana gizani tukitazama rangi hizo zikitangulia tukio, na macho yetu yamezoea kuzisubiri.

Mwaka 2025 Kodak ilianza kutoa Vision3 isiyo na masizi. Mahali pake pana tabaka la ndani linalomeza mwanga na kutoweka filamu inaposafishwa. Studio ndogo zilizokuwa zikiikataa filamu ya sinema kwa kuhofia kuchafua mashine zina sababu ya kuipokea sasa, na duara jekundu halitokuja lenyewe. Wanaolipenda watalikosa, na ninawaelewa. Kwangu mimi kazi ngumu inabaki pale pale: kuchagua fremu moja isiyo na ya kabla wala ya baada, kisha kukaa na negativu yake na kuamua weusi ukolee kiasi gani.