Asilimia Moja

Kuna mzazi mmoja hapa Kahama, mwenye hisa katika duara la dhahabu kule Kakola, ambaye kwenye mizani hadhulumiki. Mnunuzi akipunja hata pointi moja ya dhahabu, hapatoshi. Binti yake wa miaka tisa alipopimwa ikaonekana haoni mbali, akapewa miwani ya hasi mbili. Baba akasikia kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam kwamba siku hizi yapo matone ya atropini yanayozuia tatizo hilo lisizidi.

Habari yenyewe ni ya kweli. Jicho la mtoto asiyeona mbali huendelea kurefuka kupita kiasi, na atropini kidogo sana hupunguza kasi hiyo. Maneno "kidogo sana" ndiyo yaliyobaki Dar es Salaam. Dukani alikuta chupa ya asilimia 1, dawa halali ambayo madaktari huitumia kulegeza jicho wakati wa kumpima mtoto. Waliochunguza matone ya kupunguza kasi ya tatizo hili wanazungumzia asilimia 0.01 hadi 0.05. Mtu wa kugombania pointi moja hakuisoma namba ya chupa. Kila usiku alimtia mwanawe tone moja moja, kwa upendo mtupu.

Mboni zikatanuka, zikakataa kusinyaa. Jua la Kahama unalijua. Mtoto alikwenda shule ameinamisha kichwa, kiganja usoni, na wakati wa mapumziko alibaki darasani. Aliyeshtuka ni mwalimu.

"Mzazi, huyu akitazama ubao anavaa miwani, akiandika anaivua na kusogeza daftari mbali kama bibi kizee. Mnampa nini?"

Baba akaogopa, akaitupa chupa siku hiyo hiyo bila kumwuliza daktari. Hilo likawa kosa la pili. Huko Singapore watafiti waliwapa watoto 400 atropini ya nguvu tatu, asilimia 0.5, 0.1 na 0.01, wakaisimamisha baada ya miaka miwili. Waliotumia zile kali ndio ambao macho yao yalirudi kuharibika kwa kasi zaidi. Binti alipopelekwa Mwanza miezi sita baadaye, lenzi ilikuwa hasi tatu na robo.

Mimi kinachoniuma kuliko namba hiyo ni zile siku za kujificha jua. Kuwa nje mchana, saa mbili hivi kila siku, humpunguzia mtoto hatari ya kuanza kutoona mbali, na hata mwenye miwani tayari madaktari humhimiza acheze nje. Dawa ilimfungia ndani.

Siku hizi ana miwani mpya na tarehe ya kurudi kupimwa. Akitoka shule anacheza rede, kofia kichwani, miwani imefungwa kwa lastiki. Baba yake hukaa barazani akitazama saa. Mtoto akitaka kuingia ndani mapema, humwambia, "Bado dakika kumi, mama."